Mpangaji na Bima ya Vyombo Vyake

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: je, yafaa mtu asiyemiliki nyumba kutoa fedha kila mwaka kwa ajili ya bima ya vyombo vyake? Suala hili lina pande mbili, sharia na hisabu. Tutaanza na sharia, kwani lililo haramu haliulizwi bei.

Katika bima ya biashara, mwenye kulipa hajui atapata kitu au hatapata, na kampuni nayo haijui italipa au haitalipa. Hii ndiyo gharari. Mwaka 1985 Baraza la Fikihi la Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kuwa bima hiyo ni haramu, na kwamba iliyo halali ni ya kusaidiana, ambayo kila mmoja huchangia mfuko ili aliyefikwa na msiba asaidiwe. Wapo wanavyuoni waliokhitalifu, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Sham, aliyeihalalisha. Lakini mwenye kutaka usalama wa dini yake njia anayo: hapa Kenya kampuni ya takafuli ilianza kazi mwaka 2011.

Wala mtu asidhani kuwa kujikinga kwapunguza tawakali. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mtu mmoja amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Ama hisabu, wapangaji wengi hudhani kuwa bima ya mwenye nyumba yawakinga na wao. Sivyo. Hiyo ni ya kuta na mapaa. Kitanda chako, kabati lako na friji yako havimo. Tena moto ukianzia jikoni kwako kwa uzembe, waweza kudaiwa wewe khasara ya nyumba.

Basi zunguka chumba kwa chumba, uandike kila kitu na bei ya kukinunua tena. Tuseme jumla ni shilingi 400,000, na mchango ni 5,000 kwa mwaka. Yahitajiwa miaka 80 michango ifikie thamani ya mali. Mwerevu atasema, "Nitaziweka mwenyewe." Lakini moto haungojei miaka 80, ukija mwaka wa 3 utamkuta na 15,000 tu.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: vyombo vyote vikiteketea usiku huu, utaweza kununua vingine bila ya kukopa kwa riba wala kunyosha mkono? Ukiweza, akiba yako ndiyo bima yako. Mwenye godoro na sufuria chache pia aweke akiba kwanza. Asiyeweza, na ana watoto na vyombo vya thamani, mchango huo si upotevu.

Kabla ya kutia saini, ulizeni mambo manne. Ni kiasi gani cha khasara mtakachobeba wenyewe? Wizi walipwa hata kama mlango haukuvunjwa? Vyombo vya kazi, kama cherehani ya fundi, vimo? Na mali ikiandikwa pungufu itakuwaje? Kwani mwenye mali ya 400,000 akiandika 200,000 ili apunguziwe mchango, khasara ya 100,000 huenda akalipwa 50,000 tu. Uwongo wa kalamu humrudia mwandishi wake.

Msitie saini msilolisoma. Na asiyejua lugha ya mkataba amtafute mwaminifu amsomee.