Somo la Afya: Maumivu ya Korodani Si Jambo la Kuficha



Mtu akijikata kwa panga mguuni, majirani wote hupata habari kabla ya adhuhuri. Lakini akivimba korodani, hunyamaza. Huvaa kikoi kipana, husema ana uchovu tu, na pengine hata mkewe hajui. Kimya hicho ndicho kinachotudhuru. Basi leo tutasema wazi, kwa adabu. Korodani ni kiungo kama jicho au mkono; huumwa, na hutibika mtu akiwahi.

Wengi wetu tuna neno moja kwa kila ubaya wa sehemu hiyo. Husema "mshipa", na wengine husema "ngiri". Neno moja humfanya mtu atafute dawa moja, na maradhi haya si mamoja. Moja halingoji hata kupambazuke. Jingine lataka sindano na vidonge vya siku kadhaa. Jingine halisikii vidonge hivyo hata kidogo. Shabaha ya somo hili ni kuyatenganisha.

KIUNGO CHENYEWE

Ndani ya mfuko mna korodani mbili. Kila moja imening'inia kwa kamba yenye mishipa ya damu, kama kishada cha karafuu kilivyoning'inia kwenye tawi lake. Nyuma ya kila korodani pana mrija mwembamba uliojikunja mara nyingi, ambamo mbegu za kiume hukomaa. Njia inayotoka hapo huungana na njia ya mkojo. Kwa hiyo kijidudu kilichoingia katika njia ya mkojo chaweza kurudi nyuma hadi kwenye mrija huo, kisha kikaingia korodani yenyewe.

MAUMIVU YA GHAFLA

Tuseme kijana wa miaka 14 amechuma karafuu mchana kutwa. Saa nane usiku anaamka kwa maumivu makali ya upande mmoja. Anatapika. Korodani imepanda juu kuliko ilivyo kawaida, na haigusiki. Kwa kuona haya anamwambia mama yake kuwa tumbo linamuuma, naye anapewa maji ya tangawizi.

Kijana huyu huenda korodani yake imejizungusha, na kamba yake imesokotwa. Damu haipiti tena. Kiungo kisichopata damu hufa, kama tawi lililovunjika likabaki kushikwa na gome tu. Daktari akiifungua kamba hiyo kwa upasuaji katika muda wa saa 6, mara nyingi korodani hupona. Saa 24 zikipita, mara nyingi imekwisha kufa na hapana budi iondolewe. Sasa hesabuni: kutoka saa nane usiku, saa 6 zinakwisha saa mbili asubuhi, wakati karafuu zinatandazwa majamvini.

Jambo hili huwapata hasa vijana wanaobaleghe, lakini hata mtu mzima laweza kumpata. Kanuni yake ni moja: maumivu makali ya ghafla, nenda hospitali yenye upasuaji usiku ule ule. Usikande, usichue, usingoje gari la asubuhi. Wazazi nao, mtoto wa kiume akilalamika tumbo la chini, mwulizeni na huko, taratibu, faraghani.

Ngiri nayo, yaani utumbo ulioshuka kwenye kinena, ikinasa, ikawa ngumu, ikauma, na mtu akatapika, ni shauri la saa hizo hizo.

MAUMIVU YANAYOKUA POLEPOLE

Kwa watu wazima yaliyo mengi huanza kwa namna nyingine. Leo mtu anahisi uzito upande mmoja. Kesho pamevimba, pana joto na pekundu. Mkojo unachoma, na pengine homa inapanda. Huu ni uvimbe wa ule mrija na korodani, unaoletwa na vijidudu.

Kwa vijana, mara nyingi vijidudu hivyo ni vya kisonono au klamidia, vinavyopatikana kwa kujamiiana. Kwa wazee, mara nyingi ni vijidudu vya mkojo, hasa kwa mzee ambaye tezi dume imevimba na mkojo hautoki wote, au aliyewekewa mpira wa mkojo. Kwa hiyo mzee asitukanwe, wala kijana asihukumiwe. Mkojo upimwe kwanza.

Dawa zipo, na ni nzuri. Kwa maradhi ya kujamiiana, madaktari hutumia sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya doksisiklini kwa siku 10 hadi 14. Kwa vijidudu vya mkojo dawa ni nyingine. Ndiyo sababu haifai kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kukisia. Maumivu hupungua baada ya siku mbili au tatu, lakini uvimbe waweza kukaa wiki kadhaa. Mtu asiache dawa kwa kuwa ameona nafuu. Naye mwenzi wake atibiwe pia, na wajizuie mpaka wote wawili wamalize. Kama sivyo, maradhi yatarudi mlango ule ule.

MATUBWITUBWI

Matubwitubwi kwa mtoto mdogo ni homa na mashavu yaliyovimba. Kwa aliyekwisha kubaleghe, korodani yaweza kuvimba siku 4 hadi 8 baada ya mashavu. Maradhi haya ni ya virusi, na dawa za kuua bakteria hazina kazi hapa. Dawa ni kupumzika, kupunguza maumivu na kungoja. Pengine korodani iliyougua husinyaa, lakini kwa kawaida ni upande mmoja tu, na kukosa uzazi kabisa ni nadra. Kijana asikatishwe tamaa ya kuoa.

MFANO WA MUGETA

Sasa tutoke visiwani kidogo, tuone jinsi riziki ya mtu inavyoweza kuleta maradhi yake. Mugeta ni kata ya Bunda, mkoani Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Huko hakuna mkarafuu. Mali ya watu ni mashamba na ng'ombe.

Ng'ombe wana ugonjwa wa kutupa mimba, uletwao na kijidudu kiitwacho brusela. Hupita kwa binadamu kwa maziwa mabichi, au kwa mikono iliyoshika ndama na kondo la nyuma bila kinga. Mtu hupata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Na baadhi ya wanaume huvimba korodani. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Mfugaji wa Mugeta akifika hospitali ya Bunda au Musoma, habari moja ya kumsaidia daktari ni hii: "Nafuga ng'ombe, na maziwa nanywa mabichi." Dawa zake ni mbili au zaidi pamoja, kwa wiki 6 au kuzidi. Siku 10 hazitoshi.

Nasi visiwani, wangapi tuna ng'ombe wawili watatu chini ya minazi? Kinga ni rahisi: chemsha maziwa.

MBU NA MABUSHA

Maradhi yetu wenyewe ya pwani ni ya minyoo ya matende. Huletwa na mbu wazaliao katika maji machafu ya vyoo na mashimo. Minyoo hukaa katika mishipa ya majimaji ya mwili, hata ile ya korodani. Mara huleta uvimbe wenye maumivu na homa, na baada ya miaka maji hujaa mfukoni, ndilo busha.

Makunduchi, miaka ya mwisho ya 1980, vyoo vya mashimo vilitiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikaziba uso wa maji, mbu wakakosa pa kuzalia. Watu nao wakapewa dawa. Mwaka 2001 Unguja na Pemba zilianza kugawiwa ivamektini na albendazole kwa wote. Mwanachama akiletewa dawa hizo mlangoni, asizikatae kwa kuwa hajisikii mgonjwa. Minyoo hukaa miaka bila kuuma. Busha lililokwisha kujaa halitoki kwa vidonge, huondolewa kwa upasuaji.

LA KUFANYA

Aliyeanguka mkarafuuni au kupigwa na tawi, akavimba, aonwe na daktari siku hiyo. Uvimbe mgumu usiouma nao uonwe, kwani huenda ni kifua kikuu au saratani.

Kwa uvimbe ambao daktari amekwisha kuuona, nyumbani mgonjwa alale, aweke taulo lililokunjwa chini ya mfuko ili uinuke, atumie kitambaa cha maji baridi, na paracetamol kwa maumivu. Haya ni msaada tu wa dawa. Kuchanja, kukanda kwa moto na kufunga kwa nguvu kuachwe.

Kwa Pemba, ziko hospitali za Wete, Chake Chake, na Abdulla Mzee kule Mkoani. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja. Wenye mashamba wafikiri kabla ya msimu: usiku wa manane, nani ana gari au honda, na nani atamchukua mchumaji mgonjwa?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kijana mwenye maumivu ya ghafla hangoji asubuhi?
2. Kwa nini mke na mume hutibiwa pamoja?
3. Daktari aambiwe nini na mfugaji?
4. Mbu wa matende huzaliwa wapi?

Aliyeweza kujibu yote manne amsomee mwenzake asiyejua kusoma, na asimfiche mwanawe.