Pikipiki ya Milimani: Vifaa vya Kuongeza na Vya Kuacha

Robo hii tunapenda kuwashirikisha somo tulilolipata kwa gharama. Sharika kadhaa zimeomba pikipiki kwa ajili ya watumishi wa afya na mifugo, na karibu barua zote zinataja bei ya pikipiki peke yake. Wafadhili nao huuliza hivyo hivyo: pikipiki moja ni kiasi gani?

Pikipiki yetu ya kwanza pale Magamba tuliikabidhi kama ilivyotoka dukani. Kwenye kikao cha bajeti mjumbe mmoja aliuliza kama mtumishi anakwenda kazini au matembezini. Tulicheka, tukafuta mstari wa vifaa. Mwezi wa Aprili, kwenye kona za kuelekea Lukozi, boksi la dawa za mifugo lililofungwa kwa mipira ya tyubu liliteleza upande mmoja. Mpira ukaingia kwenye gurudumu la nyuma, likakwama. Mtumishi alivunjika mkono, chupa zikapasuka, na vikundi vya wafugaji vikakaa wiki saba bila kutembelewa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioketi mezani.

Kwa hiyo tunaanza na keria. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiunda kwa bomba la chuma, lakini ishikwe kwenye fremu kwa nati pande zote mbili, wala isining'inie kwenye madigadi. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na katika kupanda kutoka Soni hadi Magamba mwendeshaji atauona usukani haumtii. Ni heri mifuko miwili ya turubai ubavuni, iliyokaa chini, mbali na egzosi, kuliko boksi moja refu mgongoni. Isiwe mipana mno. Vijia vya huku ni vyembamba na mfuko hunasa kwenye kingo. Na kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa mwisho inaoweza kubeba. Huo uheshimiwe, mwendeshaji naye akiwamo kwenye hesabu.

Baridi ni jambo ambalo wageni wetu hawaliamini mpaka walionje. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari na Lushoto kama mita 1,400, na hewa hupoa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Magamba ni juu zaidi, tena kuna ukungu wa msituni. Mwezi wa Julai, upepo wa mwendo ukiongezeka, vidole hufa ganzi na mkono huchelewa kukamata breki. Koti na suruali za mvua, glovu, na vikinga mikono kwenye usukani ni vifaa vya usalama sawa na kofia ngumu. Kioo cha kukinga upepo kinasaidia, ila kiwe kifupi, mwendeshaji aone kwa juu yake. Kikiwa kirefu, ukungu na tope vitamfumba macho.

Siti ngumu inaweza kujazwa sponji upya kwa fundi wa viti. Kuinua usukani kunampumzisha mtu mrefu mgongo, lakini waya za breki, klachi na mafuta lazima ziwe na urefu wa kutosha. Waya fupi ya mafuta huvutika usukani unapokatwa, na pikipiki huongeza mwendo yenyewe katikati ya kona. Jaribuni ikiwa imesimama: washeni injini, geuzeni usukani kushoto na kulia, msikilize mlio. Ukibadilika, irudi kwa fundi.

Soketi ya kuchajia simu ni halali, iwe na fyuzi yake. Taa kubwa za ziada tumeacha, maana pikipiki ndogo huzalisha umeme kidogo na betri huisha. Redio yenye spika, kama za vijana wa bodaboda, hatutalipia, ingawa tumeombwa.

Wenye kumbukumbu wanaijua Yamaha AG100, iliyotumiwa sana na misheni na miradi. Ilibuniwa kwa kazi za shambani, ikaja na keria mbele na nyuma, stendi pande mbili, cheni iliyofunikwa na vikinga mikono. Watu waliisifu injini, lakini nusu ya sifa hiyo ni ya vifaa hivyo. Pikipiki nyingi za bei nafuu za siku hizi zimetengenezwa kwa abiria wa mjini. Tukizipeleka mlimani, vingine tuviongeze wenyewe.

Maombi ya mwaka ujao yaonyeshe keria, mifuko, nguo za mvua na ufundi katika mstari wake, pamoja na bei za mafundi wawili. Kabla ya kukabidhi, mtumishi mwenyewe aipande na mzigo wake wa kawaida hadi Lukozi na kurudi, kisha nati zote zikazwe tena.