Usirudie Kidole Bila Kuuliza

Kijitabu kwa vijana wa jamii za asili za wafugaji na wawindaji, Tanzania

Kijana wa Kimaasai, Kibarabaig au Kihadzabe mwenye simu janja, kijitabu hiki ni chako. Wewe ndiye unayewasomea wazee meseji, unayetuma hela ya dawa ya ng'ombe, unayeendesha kundi la WhatsApp la kupashana bei za mnadani na kujua mvua imenyesha wapi. Mafunzo yetu ya kompyuta na simu yamepokelewa vizuri, na kwa hilo tunajipongeza bila haya. Lakini malalamiko yanayotufikia hayahusu kompyuta. Yanahusu kidole.

Mchezo wenyewe ni huu. Siku ya mnada, kando ya wauza shuka, wakala wa laini za simu amekaa chini ya mwavuli na kimashine chake. Bibi anataka laini. Anataja namba yake ya NIDA, anaweka kidole. "Haijasoma, koko, weka tena." Anaweka. "Bado, jaribu kingine." Bibi anaondoka na laini moja, huku mbili au tatu zimesajiliwa kwa jina lake. Hizo za ziada huuzwa kwa matapeli, na siku moja mtu wa Mwanza anapokea meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Polisi wakifuatilia, jina linalotokea ni la bibi wa Longido.

Ni kweli kwamba vidole vilivyochoka kwa kukamua na kubeba kuni husumbua mashine. Ndiyo maana hila hii haishtukiwi.

USIRUDIE KIDOLE kabla hujaoneshwa kioo cha mashine ukasoma mwenyewe kilichoandikwa. Mzee asiyejua kusoma asisajili laini peke yake, nenda naye. Wakala akikasirika, ondokeni.

Kisha hakiki. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenye laini za mitandao miwili ahakiki kwa zote mbili. Ukiona namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika iondolewe. Usingoje mnada ujao. Wapo wanaodai *106# ni ujanja wa Serikali kuhesabu mifugo. Simu haijui una ng'ombe wangapi.

Jambo jingine linalotuudhi: picha za vitambulisho kurushwa kwenye makundi, "nisaidieni kusajili". Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Msimamizi wa kundi, ifute picha hiyo papo hapo.

Usajili kwa alama za vidole ulianza 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti, na Tume yake hupokea malalamiko. Wenye umri chini ya miaka 18 husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Masharti mengine yaulizeni kwa mtoa huduma.

Meseji ya kitapeli usiifute. Isambaze kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utaje namba iliyoituma. Tumelisema hili kwenye kila mafunzo, na bado mnafuta. Ukiifuta, namba ile inaendelea kupiga kazi, na jina la aliyeisajili bila kujua linaendelea kuchafuka.