Mafunzo Niliyopata Kwenye Kuta za Olduvai

Kila kundi la wanafunzi ninalolisindikiza kwenye Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, huuliza kwanza: "Mwamba huu una miaka mingapi?" Siku hizi sijibu mapema. Ukuta wenye kina cha mita 90 hivi unataka kwanza upangwe: kipi kilitangulia, kipi kikafuata.

1. Anzia chini. Mwanasayansi Nicolas Steno aliandika mwaka 1669 kwamba mashapo hutua juu ya kitu ambacho tayari kipo. Basi tabaka la chini ndilo kongwe, mradi ardhi haijapinduliwa. Mwanajiolojia Hans Reck alifika Olduvai mwaka 1913 bila njia yoyote ya kupima miaka ya mwamba, akayapa matabaka namba kutoka chini kwenda juu. La I hadi la IV bado tunayaita hivyo hivyo.

2. Usiamini kimo. Nyufa za ardhi zimeshusha vipande vizima vya korongo, kwa hiyo tabaka moja laweza kuwa juu upande huu na chini upande wa pili. Hata rangi ina mipaka yake: wekundu wa Tabaka la III unaonekana vizuri mashariki, lakini magharibi huwezi kulitenga na la IV.

3. Tafuta majivu. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, Olmoti ikiwamo, zilimwaga majivu yaliyotua kwa muda mfupi ziwani na nchi kavu kwa pamoja. Madini yake huyatambulisha. Ukiyapata majivu yale yale hapa na kilomita kadhaa mbele, kila kilicho chini yake ni kikongwe kuliko kila kilicho juu yake, hata kama huku ni tope la ziwa na kule ni mchanga wa mto. Kwangu mimi hakuna ushahidi mtamu kuliko huu.

4. Kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa. Ufa huingia katika kanuni hii, na kaburi pia. Mwaka ule wa 1913 Reck alipata mifupa ya binadamu ndani ya Tabaka la II, akaamini mtu yule ana umri wa tabaka lenyewe. Wataalamu wakabishana karibu miaka 20. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikuwa na shaka, akafika mwaka 1931, akakubaliana na Reck! Baadaye udongo uliozunguka mifupa ulichunguzwa, ukakutwa na chembe za matabaka ya juu, zikiwamo zile nyekundu za Tabaka la III. Zingefikaje kule chini kama hakuna aliyechimba? Marehemu alizikwa. Vipimo vya baadaye vilimpa takriban miaka 17,000, ilhali tabaka alimolazwa lina zaidi ya milioni moja.

5. Miaka huja mwisho. Mary Leakey, mke wa Louis, aliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus katika Tabaka la I mwaka 1959. Mwaka 1961 ikatangazwa miaka milioni 1.75, nalo fuvu halikupimwa: yalipimwa madini ya volkano ya tabaka lile. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba mfupa fulani una miaka kadhaa, tafuta wanaposema ulitoka tabaka gani na kwamba tabaka hilo halikuwa limechimbuliwa. Wasiposema, usiipokee tarakimu yao.