Somo kwa Makatibu: Gari la Japani na Sheria ya Nchi Liendako

Chama kinachokusudia kununua gari lililotumika kutoka Japani, tuseme lori dogo la kukusanyia maziwa, hakina budi kufahamu kwanza kwamba gari hilo liliundwa kwa kufuata sheria za Japani, na kwamba kila nchi liendako hulipima kwa kanuni zake yenyewe.

Tutazame Marekani. Huko gari shurti liwe na kibandiko cha mtengenezaji kinachothibitisha kuwa limetimiza kanuni za usalama za nchi hiyo. Gari lililoundwa kwa ajili ya wateja wa Japani halina kibandiko hicho. Kwa hiyo, chini ya sheria ya mwaka 1988, huingia bila kubadilishwa likiisha kutimiza miaka 25 tu. Lililo jipya kuliko hivyo sharti likubaliwe na serikali, kisha lirekebishwe na mwagizaji aliyesajiliwa, kazi ambayo gharama yake si ndogo.

Kenya imeshika njia iliyo kinyume. Kanuni ya KS 1515 hulikataa gari lililozidi miaka minane. Usukani nao uwe upande wa kulia, na gari likaguliwe na kupewa cheti kabla ya kupakiwa melini.

Katika hiyo miaka minane ndimo fedha za wanachama zinamoweza kupotea. Umri huhesabiwa tangu usajili wa kwanza, wala si tangu siku ya kununua. Tena gari liwe limekwisha kufika nchini kabla ya mwaka kwisha. Magari yaliyosajiliwa mwaka 2016 mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba 2023; tangu Januari 2024 yalipokewa ya 2017 na baadaye. Meli ikichelewa, muuzaji amekwisha kulipwa, na hasara ni ya chama.

Liko jambo jingine. Katika hati zao Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wao. (Hapana hila katika hilo, ni desturi yao.) Heisei 29 ni mwaka 2017: ongeza 1988. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, ongeza 2018. Katibu asiridhike kusomewa tarehe hiyo na dalali. Aombe nakala ya hati, ahesabu mwenyewe, na aiweke mbele ya kamati kabla ya hundi kutiwa sahihi.