Ulevi na usukani: Tusicheze na roho za watu

Ndugu Waislamu, msimu wa mavuno ya mpunga katika bonde la Kilombero pesa huingia mifukoni, na gongo nayo hupata wateja. Katika barabara ya Ifakara hadi Mlimba, inayopita Mngeta, kijana wa bodaboda hunywa vikombe viwili, kisha akapakia abiria. Ukimkanya hukujibu: "Mbona sijalewa?"

Hapo ndipo penye hatari. Pombe huvuruga kwanza akili ya kujipima, hivyo mnywaji ni wa mwisho kujua kuwa amelewa. Mkono nao huchelewa kushika breki. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Kuchelewa sekunde moja tu kwatosha kumgonga mtoto anayevuka.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Hoja ya vikombe viwili imekwisha.

Tuzingatie pia Suratun Nisaa, aya ya 92. Aliyemuua muumini kwa kukosea anawajibika kuacha mtumwa huru na kuwalipa wafiwa diya, ila wakisamehe. Asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Ikiwa aliyekosea tu anabeba mzigo huo, je, aliyekunywa kwa hiari yake kisha akashika usukani atajibu nini mbele ya Allah?

Mwenye chombo, usimkabidhi mlevi ufunguo. Abiria, ukinusa pombe, shuka.

Wabillahi tawfiq.