Kuchagua Sauti za Mchezo wa Redio Darasani

Utangulizi

Mchezo wa redio ni mchezo wa kuigiza usioonekana. Msikilizaji haoni uso, vazi wala mwendo wa mhusika. Yote huyapata kwa sikio. Katika mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, wasikilizaji walimfahamu Mkwaju, dereva wa lori, pasipo kumwona. Kazi hiyo yote ilifanywa na sauti. Makala haya yaeleza jinsi mwalimu awezavyo kuwagawia nafasi wanafunzi wa Darasa la Tano waliojitolea kuigiza kwa sauti hadithi waipendayo.

Kosa la kuepuka

Aghalabu mwalimu huwachagua wasomaji hodari, au huyaangalia maumbo yao. Nilitenda kosa hilo katika shule moja ya msingi mkoani Singida. Hadithi ilikuwa ile ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Sungura akakataa kuchimba, akawa anaiba maji, hata Kobe akamnasa. Kwa watoto wa nchi yenye mvua haba, hadithi hiyo haihitaji maelezo mengi. Nilimpa mvulana mkubwa nafasi ya Simba, na mwenzake wa umbo lile lile nafasi ya Fisi. Tulipousikiliza mchezo katika simu tuliyorekodia, darasa halikuweza kutambua yupi Simba na yupi Fisi. Kazi ya masikio nilikuwa nimeifanya kwa macho.

Hatua za kufuata

1. Simulia hadithi. Darasa liwataje wahusika: Msimulizi, Simba, Fisi, Sungura na Kobe. Lieleze tabia ya kila mmoja na sauti inayomfaa.

2. Waite wanaopenda kuigiza, asilazimishwe mtu. Asiyependa kusema apewe kazi ya milio, kama vile kumimina maji ndooni au kugonga jembe.

3. Tundika khanga mlangoni. Waliojitolea watoke nje, wajipange wenyewe, na kila mmoja aitwe kwa namba tu. Asome sentensi moja mara mbili: kwanza kwa hasira, kisha kwa hofu. Wote wasome sentensi ile ile.

4. Walio ndani waandike namba na jina la mhusika. Wasiulizwe, "Nani hodari?" bali, "Sauti hii ni ya nani katika hadithi?"

5. Waliochaguliwa wazungumze wawili wawili. Sauti mbili zikifanana, mmoja wao abadilishiwe nafasi, hata kama wote wasoma vizuri.

Tahadhari

Mtoto asikataliwe kwa sababu lafudhi yake ni ya Kinyaturu au Kinyiramba. Sahihisha neno lisiloeleweka, lakini lafudhi yenyewe yaweza kumtambulisha mhusika. Hata hivyo, usiwape wenye lafudhi nafasi za wajinga na wezi peke yake, maana darasa litajifunza dharau. Vilevile, nafasi ya Fisi isigeuke jina la utani la mtoto. Katika mchezo unaofuata, nafasi zibadilishwe.

Hitimisho

Niliporudia somo kwa njia hii, namba saba alisoma polepole, kwa sauti nzito kidogo. Karibu darasa zima likaandika: Kobe. Khanga ilipoondolewa, aliingia msichana ambaye hakuwa amejibu swali lolote kwa sauti tangu muhula uanze. Alijitolea kwa kuwa hakuna ambaye angemtazama. Tangu siku ile alianza kunyosha mkono, kwanza mara chache, kisha kama wenzake. Hapana budi mwalimu akumbuke kwamba anapogawa nafasi za mchezo, anagawa pia nafasi ya kusikika.

Mazoezi

1. Chagua hadithi fupi ya mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Orodhesha wahusika wake na sauti zinazowafaa.
2. Andika sentensi moja ya kuwapima wanafunzi, inayoweza kusemwa kwa hasira na kwa hofu.
3. Utafanya nini iwapo hakuna mwanafunzi aliyejitolea?